Uliza Bi. Maabara: Kijiko cha unga mweusi kwenye saruji

*Shikamoo Bi. Mimi nafyatua matofali huku Kigamboni, mwaka wa tisa sasa. Mwezi uliopita alipita kijana na pikipiki anauza makopo ya unga mweusi, mwepesi kama masizi. Akasema ni nanotyubu za kaboni kutoka nje, kijiko kimoja cha chakula kwa mfuko, nami nipunguze saruji nusu na tofali bado litakuwa gumu kama jiwe. Nikatoa elfu themanini, nikachukua kopo moja. Tumekoroga na mchanga mkavu, tukatia saruji, tukatia maji, tukafyatua. Tofali limetoka na madoadoa meusi, na siku ya saba nikiliachia kutoka usawa wa kiuno linapasuka vipande vitatu. Yale ya kawaida hunimeguka pembe tu. Nimeibiwa, au nimekosea kuchanganya?*
*Mfyatuaji, Kigamboni*

Marahaba, fundi wangu. Kama ndani ya kopo mlikuwa na kitu chenyewe, umekosea kuchanganya. Kama hamkuwa nacho, umeibiwa. Na hilo la kupunguza saruji nusu ni uongo kwa vyovyote vile, kwa hiyo tulimalize kwanza.

Kinachogandisha ni saruji. Ikikutana na maji inafanya ute unaoshika mchanga na kokoto, na ute huo ukishika na kuwa mgumu ndio nguvu ya tofali lako. Nanotyubu, vijirija vyembamba mno vya kaboni, hazigandishi chochote. Kazi yake ni ya uzi, kama katani wanayotia mafundi wa jipsamu kwenye urembo wa dari. Toa jipsamu nusu uone kama katani peke yake itasimamisha dari.

Ila ni uzi wa aina yake, na sishangai umekuvutia. Mwaka 1991 Sumio Iijima, akiwa NEC kule Japani, alichapisha picha za vijirija vya kaboni alivyoviona kwa hadubini ya elektroni, na dunia ikachangamka. (Warusi wawili, Radushkevich na Lukyanovich, walikwisha kuchapisha picha za namna hiyo mwaka 1952, lakini kwa Kirusi, na wasomaji wakawa wachache. Ndivyo mambo yalivyo.) Unene wa zile zinazojaribiwa kwenye saruji ni nanomita 10 hadi 40 hivi (nanomita ni milimita moja ikigawanywa mara milioni), wakati unywele wa kichwani kwako ni kama nanomita 80,000. Ukakamavu wake ni kama mara tano ya chuma. Mwaka 2000, watafiti walipovivuta vijirija kimoja kimoja hadi vikatike, walipata nguvu ya gigapaskali 11 mpaka 63. Nondo ya kawaida haifiki hata 1.

Sasa fikiria ufa. Hauanzi kama huo unaouona ukutani. Unaanza mdogo kuliko jicho, unakutana na mwenzake, wanaungana, ndipo unakuja kunilalamikia mimi. Nondo hukamata ufa uliokwisha kuwa mtu mzima. Nyuzi za plastiki za urefu wa milimita kadhaa hukamata kijana. Nanotyubu inatakiwa imkamate akiwa bado mtoto mchanga, kabla hajatambaa. Hiyo ndiyo hoja nzima ya kuzitia kwenye saruji, na ni hoja nzuri.

Shida ni moja: hazikai mbalimbali. Kijirija kimoja kikimgusa mwenzake ubavuni wanashikana, na kwa kuwa ni virefu na vyembamba wanashikana urefu mzima. Halafu hazipendi maji. Bibi yangu aliyenilea Pangani alikuwa akinichana nywele kila Jumapili jioni, nimeketi sakafuni katikati ya magoti yake. Nywele za wiki nzima, zimesokotana. Angepitisha kitana kikavu ningelia mpaka ng'ambo ya mto. Alipaka mafuta ya nazi kwanza, akaanza nchani, taratibu, akapanda juu. Na akinipata binamu yangu, mwenye haraka, anachana kwa nguvu, asubuhi mto wa kulalia umejaa vipande vya nywele. Shika mambo hayo matatu: mafuta, kitana, na mkono usio na pupa. Kutawanya nanotyubu ni hayo hayo.

Ulichofanya wewe ni kutupa nywele zilizosokotana ndani ya mchanga mkavu. Koleo halichani, wala mikisa haichani. Ungekoroga mpaka Idi, yale madonge yangezunguka tu yakiwa madonge. Na donge kwenye tofali halishiki kitu, kwa hiyo linahesabika kama tundu. Mahali pa tundu ndipo ufa unapoanzia. Zaidi ya hapo, vijirija vinakunywa maji: gramu moja ina uso wa mita za mraba kama 200, kwa hiyo gramu 25 zina mita 5,000, zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Uso wote huo unataka kulowa, na maji unayapata wapi kama si yale ya saruji? Nina hakika mlisema mchanganyiko umekuwa mkavu mkaongeza maji. Ndiyo?

Usione haya. Nilifanya kosa hilo hilo nikiwa na koti jeupe. Miaka kadhaa nyuma, katika maabara niliyokuwa navunja mihimili na michemraba ya zege kwa mshahara, mhadhiri mmoja alirudi kutoka masomoni na kichupa cha gramu 10. Kitana chenyewe hatukuwa nacho. Tulikuwa na beseni dogo la mawimbi ya sauti, lile la kuoshea vioo vya maabara. Tukatia maji, tukatia nanotyubu, tukawasha. Maji yakawa meusi kama wino, tukapongezana, tukaenda kunywa chai na maandazi. Kurudi: juu maji meupe pe, chini tope jeusi limelala kama kahawa ya wazee barazani. Busara ingekuwa kusimama pale. Sisi tukatikisa, tukamwaga, tukajaza kalibu. Siku 28 baadaye mihimili ile ilivunjika kabla ya ile mitupu isiyo na kitu. Nikachukua lenzi ya mkono nikaangalia mahali ilipokatikia. Palikuwa na vidoa vyeusi, kama punje za pilipili manga zilizosagwa vibaya, na ufa umepita kutoka kidoa hadi kidoa kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe. Picha hiyo ndiyo ninayoiona nikisoma barua yako.

Wanaojua wanafanyaje? Kazi ninayoiheshimu ni ya Maria Konsta-Gdoutos, Zoi Metaxa na Surendra Shah, waliyoichapisha mwaka 2010. Shah alikuwa profesa Chuo Kikuu cha Northwestern, Evanston, karibu na Chicago. Nanotyubu walizitawanya kwanza ndani ya maji ya kukorogea, kabla saruji haijasogea. Mafuta yao ni dawa ya kutawanya, ambayo upande mmoja wa molekuli yake unashika kaboni na upande wa pili unapenda maji. Kitana chao ni kijiti cha chuma kinachotetemeka maelfu ya mara kwa sekunde. Mtetemo huo unafanya vipovu vidogo mno vinavyopasuka ndani ya maji, na mipasuko hiyo ndiyo inayofumua madonge. Maji yanapata moto kwa kazi hiyo, kwa hiyo wanakwenda kwa vipindi vifupi na kupumzika. Wakapima dawa iwe mara ngapi ya nanotyubu, na mara 4 kwa uzito ndiyo iliyotoa nguvu nzuri. Chini ya hapo vijirija havikuachana vizuri, juu ya hapo nguvu ilirudi kushuka. Na kiasi cha nanotyubu chenyewe? Asilimia 0.025 hadi 0.08 ya uzito wa saruji. Zile ndefu walizitia kwa kiasi kidogo kuliko fupi, maana ndefu zinasokotana upesi. Hata hapo bibi angekubaliana nao.

Tupige hesabu ya mfuko wako wa kilo 50. Chukua asilimia 0.05: ni gramu 25. Dawa mara nne: gramu 100. Maji nusu ya uzito wa saruji: lita 25. Kwa hiyo gramu moja kwa kila lita, na kila lita ipite chini ya kijiti mpaka iive. Kijiti cha maabara kinahudumia kikombe, kikubwa sana lita moja au mbili. Ndiyo maana wanaotumia kwa kazi kubwa hununua maji mazito yaliyokwisha kutawanywa kiwandani, hawanunui unga wa kopo.

Na ukifaulu kote huko, bado kuna kizingiti ambacho wauzaji hawakisemi. Chembe ya saruji yenyewe ni kubwa, maikromita 15 au 20 kwa wastani (maikromita moja ni nanomita elfu), na nyingine hufika karibu 100. Kijirija hakiwezi kukaa ndani ya chembe. Kinakaa kwenye nafasi kati ya chembe na chembe. Kwa hiyo hata maji yawe safi namna gani, ukishatia saruji vijirija vinasukumwa pembeni, vinajaa huku na huku hakuna. Saruji iliyosagwa laini husaidia, na vumbi la silika husaidia. Halafu maji ya saruji yana kalisi nyingi na ukali wa chokaa, na dawa nyingine zikikutana nayo huachia, vijirija vinarudiana kama wapenzi waliogombana.

Sasa neno langu kama fundi kwa fundi. Tofali lako halihitaji kitu hiki. Faida ya nanotyubu inaonekana zaidi kwenye kupinda na kuvutwa kuliko kwenye kugandamizwa, na tofali ukutani linagandamizwa. Tena tofali la kufyatua linakorogwa karibu kavu, limejaa vitundu unavyoviona kwa macho. Kuleta uzi wa nanomita kwenye kitu chenye matundu ya milimita ni kufuma wavu wa dagaa kwa ajili ya kunasa nyangumi. Hizo elfu themanini ungenunua mchanga usio na udongo, turubai la kufunika, na pipa la maji ya kumwagilia siku saba badala ya mbili. Wengi wenu mnamwagilia mbili. Usinikatalie, nimepita huko.

Yale yenye madoa usimuuzie mtu wa nyumba. Zungushia bustani ya maua.

*Shikamoo mama. Nipo mwaka wa mwisho, uhandisi ujenzi, Mbeya. Msimamizi amenipa gramu 5 za nanotyubu kwa ajili ya mradi. Kijiti cha mawimbi tutaazima idara ya kemia. Dawa ya kutawanya sina. Je, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo inafaa?*
*Mwanafunzi, Mbeya*

Marahaba mwanangu. Inafaa kutawanya, haifai kwa saruji. Kiungo cha sabuni nyingi, sodiamu dodesili salfeti, kinatumika kweli maabara kuzitenganisha nanotyubu, na maji yake yatakuwa meusi ya kupendeza. Kisha utaanza kukoroga saruji na povu litapanda kama la chapa ya zamani ya unga wa kufulia. Povu likinasa ndani linakuwa hewa, na hewa unajua inafanya nini kwenye nguvu. Kuna wanaotia dawa ya kuua povu juu ya hiyo. Kwako ni kutibu ugonjwa uliojiletea.

Tafuta supaplastisaiza ya polikaboksileti, ile dawa ya kulainisha inayotiwa kwenye zege la kupampu. Omba nusu chupa kwa kampuni yoyote yenye mtambo wa zege. Imetengenezwa iishi na saruji, na inatawanya nanotyubu vilevile.

Utasoma pia habari za gundi ya mgunga, ile inayotoka Sudan na kwa majirani zetu kaskazini mwa Kenya. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israeli, walionyesha kwamba inazitenganisha nanotyubu kwenye maji vizuri sana, na mimi naipenda kwa sababu ni kitu cha huku kwetu. Lakini ni jamii ya sukari, na fundi yeyote atakwambia sukari ikiingia kwenye saruji, saruji inachelewa kushika. Iweke kwenye sura ya mapendekezo.

Njia ya kuchemsha nanotyubu kwenye asidi ya salfuriki na ya naitriki, ili zipende maji zenyewe, nayo ipo. Wachina watatu walichapisha mwaka 2005 kwamba kwa asilimia 0.5 ya nanotyubu za namna hiyo nguvu ya kupinda ilipanda hadi asilimia 25 na ya kugandamizwa hadi 19. Usijaribu. Asidi hizo mbili zikiwa za moto zinataka chemba ya kuvuta moshi na mtu aliyezizoea.

Gramu 5 zinakutosha kuliko unavyodhani. Mchanganyiko mmoja wa kawaida wa mihimili mitatu ya milimita 40 kwa 40 kwa 160 ni saruji gramu 450, mchanga 1,350, maji 225. Asilimia 0.05 ya 450 ni gramu 0.225. Una mara 20 na zaidi za kukosea.

Mambo mawili nakuomba. Kwanza, usiamini rangi. Acha chupa isimame usiku kucha, kisha chota maji ya saruji iliyokorogwa na kuchujwa, tia matone kadhaa ndani ya ule wino. Ukikatika kama maziwa yaliyotiwa ndimu, dawa yako imeshindwa na saruji, rudi nyuma kabla hujajaza kalibu. Pili, tengeneza mihimili yenye plastisaiza bila nanotyubu. Wanafunzi hulinganisha saruji tupu na saruji yenye vyote viwili, wakasifu nanotyubu kwa kazi iliyofanywa na plastisaiza. Nimekaa kwenye usaili wa mradi wa namna hiyo. Swali moja tu la mtahini, kijana akaketi.

Na kijiti usikiache kikikimbia saa nzima ukidhani ndiyo bidii. Kinakata. Utapata vijirija vilivyoachana vizuri na vifupi visivyoshika ufa wowote. Weka chombo ndani ya barafu.

*Bi., ni kweli zege hili likipita gari linajua? Rafiki yangu anayeishi Minnesota kanihadithia.*
*Msomaji, Kisumu*

Ni kweli, na kwa maoni yangu huku ndiko nanotyubu zitakakolipa gharama zake, si kwenye nguvu. Zege tupu linapitisha umeme kwa shida. Lenye vijirija vilivyotawanyika linapitisha, na likibanwa upinzani wake unabadilika, kwa hiyo ukilitia waya linakuambia limebanwa. Mwaka 2009 Baoguo Han, Xun Yu na Eil Kwon, wa huko huko Minnesota, walichapisha kazi ya kutumia hilo kuhesabu magari barabarani. Tena kutawanya kunarudi palepale: vikiwa madonge umeme haupati njia ya kuvuka kutoka donge hadi donge.

*Mpendwa Bi., mwanangu wa kike anasomea Ujerumani na anashughulika na hizi nanotyubu. Kwenye simu ya picha nimemwona kajifunga barakoa kubwa kama ya mpuliza rangi. Nimemuuliza, kacheka. Mimi sikucheka. Zina madhara?*
*Mama wa binti, Tanga*

Mama mwenzangu, barakoa ile ikutulize, si ikutishe. Ina maana yuko mahali wanapojali. Wasiwasi wako una msingi. Mwaka 2008 ilichapishwa kazi ya Uingereza ikionyesha kwamba nanotyubu ndefu na ngumu, zikiwekwa ndani ya tumbo la panya, zilileta uvimbe wa mwasho wa namna ile ya asbesto, zile nyuzi za madini zinazojulikana kudhuru mapafu. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka aina moja ndefu, iitwayo MWCNT-7, kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Aina nyingine hazikupata hukumu, kwa kuwa ushahidi haukutosha upande wowote. Wamarekani, kupitia NIOSH, taasisi yao ya usalama na afya kazini, mwaka 2013 walipendekeza mfanyakazi asivute zaidi ya maikrogramu 1 kwa mita moja ya ujazo wa hewa kwa zamu. Ni kiasi kidogo mno.

Hatari iko kwenye vumbi. Zikishalowa ndani ya maji haziruki, na zikishashikwa na saruji zinatulia, mpaka mtu aje na grainda au msumeno. Muulize binti maswali mawili tu: kama anapima unga ndani ya chemba ya kuvuta hewa, na kama koti la maabara linabaki maabara. Akijibu ndiyo mara mbili, mpe salamu zangu ulale.

Nawe fundi wa Kigamboni, lile kopo lililobaki usilifungue tena, wala usilimwage shimoni au kuwapa watoto wachoree. Paka maji nje yake kwa kitambaa, kifungie kitambaa hicho pamoja na kopo kwenye mifuko miwili ya plastiki, ukifika mkoani uliza ofisi ya mazingira wanapopokea taka za kemikali. Kijana wa pikipiki akirudi, mwombe karatasi ya usalama ya bidhaa yake, yenye unene na urefu wa vijirija. Kisha nitumie jibu lake, ningependa kulisoma.